Pombe ya Matanga ya Baba

Mjukuu wangu Eliya, mume wangu mdogo,

Huku Kasulu hatujambo. Dada yako kajifungua binti. Umeniandikia kwamba maisha ni ghali huko Kanada kuliko huku.

Tulipokimbia Burundi miaka ya sabini, baba yangu alizunguka sokoni akijisifu, "Mahindi hapa ni rahisi kuliko kwetu!" Kisha akafa. Kwetu, penye msiba majirani huleta pombe ya ndizi bila kuombwa. Hapa tulikuwa wageni, hakuleta mtu. Mama akauza kitenge chake, akainunua. Muuzaji akampunguzia bei, na punguzo lile lilimliza kuliko kaburi.

Bei ya mkate wa huko nimeisoma katika barua yako. Hujaniambia, ukifiwa, nani atakubishia hodi.

Bibi yako