Alhamisi au Usiku wa Ijumaa?

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo mara mbili, ya kwanza ni ile ya siku zote, ya pili naitoa nikijua uko edani. Pole sana, Mama. Unakula? Unalala? Mgongo vipi? Na wewe Dada Mwanahawa, unayemsomea Mama barua hii, soma kila neno kama lilivyo. Usiruke, usipambe. Nakujua ulivyo.

Mie hapa Mwanza mwili mzima, alhamdulillahi. Kichwa ndicho kimenishinda. Leo siku ya nne napanga herufi, narudia mstari mmoja mara tatu, na mwenye kiwanda hiki cha kupiga chapa ameanza kuniangalia kwa jicho la pembeni.

Jumatatu mwenye kiwanda alitoka posta na barua zangu mbili, zimefika pamoja. Siku hizi za ruksa kila mtu kafungua duka, na kila duka linataka kalenda yake, kwa hiyo kazi imetufika shingoni. Nikasema nitazisoma mchana. Wapi! Nikafungua ya mke wangu pale pale. Zaituni kaandika: “Nimejifungua salama siku ya Alhamisi, magharibi imekwishaadhiniwa. Mtoto wa kiume. Baba kamwadhinia.” Mama, nilipiga ukelele! Wenzangu wakazima mashine, wakaninyanyua juu, hongera, hongera, na mikono yao ya wino, shati halifai tena. Nikafungua ya pili nikiwa bado nacheka. Ya Dada: “Baba ametutoka usiku wa Ijumaa. Tumekwisha kumsitiri. Mkeo mzazi bado hatujamwambia.”

Inna lillahi. Kuna mmoja alikuwa bado kanishika mkono wa hongera. Hakuuachia, akaugeuza wa pole. Nilikuwa nalia au nacheka? Wallahi sijui mpaka leo.

Baadaye nikakaa, nikapiga hesabu. Kazi yangu ni kupanga zile kalenda za kuchana, karatasi moja siku moja. Chini ya kila tarehe mwenye kiwanda anataka tuandike mambo ya siku kama hiyo miaka ya nyuma: kwanza vita na mikataba, halafu waliozaliwa, halafu waliokufa. Nimewapanga wakubwa wa dunia wangapi, wala sikuwahi kumsikitikia hata mmoja. Na kwenye karatasi zangu Alhamisi inakwisha saa sita ya usiku. Basi nikasema: mtoto kazaliwa Alhamisi, Baba kafa Ijumaa usiku. Katikati upo mchana mzima! Maji yamejaa, wamempakia Baba kwenye mtumbwi, wamemvusha ng'ambo kwa mkwe wangu Mzee Faki, alikokwenda kujifungulia Zaituni, kamwona mjukuu wake. Na Zaituni si kaandika mwenyewe kwamba Baba kamwadhinia mtoto sikioni? Nikasujudu hapo hapo juu ya vipande vya karatasi.

Unajua kwa nini nilisujudu. Siku ile naondoka ulikuwa unapepeta mpunga pale uani, na uliyasikia kwa masikio yako. Baba alitaka nibaki nimshikie shamba, mie nikamjibu yale majibu yangu ya kipumbavu. Akasema, “Nenda. Radhi yangu umeiacha hapa. Siku nitakayompakata mtoto wako, siku hiyo nimekusamehe.” Nimerudi mara mbili tangu hapo, nimeoa, amekula pilau ya harusi yangu, lakini neno lile hakulifuta. Na mie kwa kiburi sikumwomba alifute. Nikajisemea, mtoto atakuja, yatakwisha.

Sasa sikiliza. Hapa kiwandani yupo Mzee Saidi, mtu wa Mbwara kule kule kwetu, ndiye anayejalidi vitabu. Mtani wangu mkubwa. Nikamhadithia jinsi Baba alivyopata mchana mzima na mjukuu wake. Akaacha sindano yake.

“Dada yako kaandikaje?”

“Usiku wa Ijumaa.”

“Wee mtoto wa Kiongoroni, sangara wamekupanda kichwani? Usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jua likizama! Kwenu Yasini mnaisoma lini?”

Tunaisoma Alhamisi, Mama. Tangu nazaliwa tunaisoma Alhamisi baada ya magharibi, na tunauita usiku wa Ijumaa. Nimekaa na kalenda za watu mpaka nimesahau siku ya kwetu inaanzia wapi! Mzee Saidi akaacha utani, akanipa maji.

Kwa hiyo ni jioni moja. Mtoto kaja baada ya magharibi, na Baba kaondoka baada ya magharibi. Nani katangulia? Kwenye karatasi zangu waliozaliwa hukaa juu na waliokufa chini, hata kama aliyekufa alianza. Haisaidii kitu. Nikaisoma tena barua ya mke wangu: “Baba kamwadhinia.” Baba yupi? Zaituni wote wawili anawaita Baba, wangu na wake, na aliyekuwa nyumba ile ni wake. Nikajaribu kuhesabu maji, mwezi ulikuwa wa ngapi, bamvua la maji makubwa lilipita lini. Mara napata mto umejaa, mara napata tope tupu, na Baba kwa miguu yake ile mibovu hawezi kukanyaga tope. Hesabu niliyoijua tangu mdogo, leo inanipa majibu mawili.

Halafu hizo arobaini! Ya mzazi na ya marehemu zimeangukia siku moja. Zaituni kule ng'ambo anatoka uzazini, na kwetu uani wanasoma khitma. Avae nini? Watu wakifika wampe hongera au pole? Nimepewa ruhusa, nitapanda gari moshi nije, lakini sijui hata nitaingiaje pale mlangoni, kama mwana au kama mtu baki.

Nisalimie mkwe wangu Mzee Faki, na mama mkunga aliyempokea mwanangu, Mungu amlipe mikono yake. Shemeji, mume wa Dada, mwambie nimesikia kwamba yeye ndiye aliyeingia kaburini kumpokea Baba. Ile kazi ilikuwa yangu. Shangazi mwambie aache kulia, shinikizo lake la damu litapanda. Zaituni mwambieni taratibu, kama bado hajajua.

Na wewe Mama, sikuombi unifurahishe. Najua utataka kuniambia alimpakata, ili nilale. Usiniambie hivyo kama sivyo. Kama alimpakata, niambie, nije nikilia kama watoto wenzangu wa marehemu. Kama hakumpakata, waambie wasimtoe mtoto nje kabla sijafika. Nitambeba mwenyewe mpaka kaburini, nimlaze pale juu ya mchanga, nimwambie, “Baba, huyu hapa. Mpakate.”

Ni mie mwanao,
Omari