Sajini Marcella Karwirwa Mbae, Aliyechelewa Jeshini kwa Ajili ya Mgonjwa

Mwaka umetimia, Anti Marcella, tangu saratani itunyang'anye wewe, na humu nyumbani hajadungwa mtu sindano hata moja. Makalio yetu yamenufaika. Mioyo yetu bado.

Mwaka wa 2006, ulipomaliza chuo Embu na kuwa afisa wa kliniki, jeshi lilikuita. Ulitakiwa kuripoti Jumatatu asubuhi. Anayechelewa angeweza kurudishwa nyumbani. Jumapili ukaja Timau kuomba baraka, maana kwetu mtoto haendi mbali kabla baba hajamtemea mate kifuani. Babu Mbae akakataa.

"Mkono wa msichana utatetemeka vitani," alisema, ameshika shavu.

"Baba, hilo shavu lina nini?"

"Halina kitu."

"Fungua mdomo."

"Mimi ni baba yako!"

"Ndiyo, Baba. Fungua."

Kumbe Babu, mzee wa kanisa, alikuwa ameficha jino bovu tangu mavuno ya viazi kwa kuogopa koleo. Ulichemsha vifaa vyako, ukamtia ganzi, ukaling'oa hapo uani, ng'ombe wakishuhudia. Mkono wako ulitulia tuli. Aliyetetemeka ni Babu, pamoja na kiti.

"Karibia nikubariki," akasema, mdomo umejaa damu.

Mama yako, nyanya yetu Cucu Cicily, akang'aka: "Umwagie mtoto damu siku ya safari? Funga huo mdomo upone!"

Mate yalipotakata ilikuwa Jumatatu, jua la utosi. Ungeweza kwenda bila baraka, lakini ulingoja. Babu akatema taratibu, akasema, "Nenda ukatibu watoto wa watu. Wakikuuliza, waambie ni mimi niliyekuchelewesha."

Likizoni ulikuwa tishio kwa wavivu. Mmoja wetu, ambaye jina lake tunalihifadhi kwa heshima ya familia, aliugua malaria ghafla siku ya kufungua shule. Ulimpima, hukuona kitu, ukampeleka bwenini mwenyewe ukiwa na sare kamili. Njiani ulimnunulia chapati mbili.

Yeye ndiye aliyethubutu kukuuliza uliwaambia nini kule jeshini Jumatatu ile. Ulicheka. Hukumtaja Babu. Ulisema tu, "Nilikuwa na mgonjwa, afande." Wakakukimbiza uwanjani mpaka usiku, kisha wakakuonyesha kitanda chako.

Wanaokulilia na kujivunia: Babu Mbae, Cucu Cicily, kaka yako Mwirigi, dada yako Lydiah, na sisi wapwa wako. Hutatoka mioyoni mwetu, Anti, siku zote tutakazoishi.