Muuru Wangu wa Mpakani

Njeru, rafiki yangu,

Nimetengeneza kabati kumi na mbili za mvinyo, peke yangu, bila kosa hata moja.

Sawa, usicheke. Ni binti yako Wanja amezitengeneza. Mimi nilitengeneza moja tu, nikasimamisha chupa zote kama soda kwa kreti, na yule mama mwenye hoteli kutoka Nairobi akaniambia mvinyo hulazwa. Nilimtazama sana. Kinywaji gani kinalazwa kama mgonjwa? Hapo ndipo nilianza kumshuku.

Kisha akaleta fomu. Ati kila ubao uandikwe umetoka kwa shamba la nani, na kama mwenye mti alikubali ukatwe. Akauliza miche tunapanda wapi. Akauliza hata kama wafanyakazi hufunika pua wakipiga msasa. Mimi na wewe tumemeza vumbi miaka arobaini, nani alituuliza? Nikamwambia Wanja huyu ni askari wa misitu amejipaka manukato. Wanja akasema, "Mzee, wewe andika ukweli tu."

Mbao za miti yetu ya mukima hazikuwa na shida, kila mti tulijua ulikosimama hapa Runyenjes. Shida ni zile mbao zako za mti wa muuru alizozitaka mama, ulizoficha juu ya dari ukisema ni za siku kubwa. Zikikosa mwenyewe, mama anaondoka na oda yake, na Wanja anafunga karakana. Hii ndiyo kazi pekee tuliyobaki nayo tangu watu waingie kwa viti vya plastiki.

Nilidhani uliziiba msituni. Nikazishusha, nikapitisha randa. Katikati ya ubao nikaona doa jeusi, na ndani ya doa kipande cha waya wa seng'enge.

Njeru. Huo waya niliugongomea mimi, kwa muuru wangu wa mpakani, ndama walipokuwa wakitoroka.

Ule uliokatwa nikiwa nimelazwa Embu na mguu. Nilirudi nikakuta kisiki, nikasema ni jirani yangu Nyaga. Na wewe ukakaa hapo kwa stuli yako ukinisaidia kumtusi. "Huyo hata meno yake ni ya msumeno," ulisema, nami nikacheka mpaka mguu ukauma. Sikumsalimia Nyaga tena. Mwaka jana tukimzika nilisimama nyuma kabisa, kwa wapishi.

Si ungeniambia tu? Ningekutukana wiki moja, halafu tunywe chai.

Ile fomu nilikaa nayo siku mbili. Mwisho nikaandika jina langu kama mwenye mti. Pale panapouliza kama nilikubali, nikaandika: "Nimekubali leo." Mama alisoma, akataka kujua maana yake, nikamweleza yote, na jina lako la mwizi nikalitaja. Akapiga sahihi. Wanja amebaki na kazi.

Nikaenda kwa mjane wa Nyaga. Alinipa chai bila kuniangalia. Nimepanda miche miwili ya muuru mpakani, mmoja upande wake, na nakuahidi nitaimwagilia maji mpaka miguu ikatae.

Haya, lala, kichwa ngumu. Mti nimekusamehe, kwa hivyo nawe nifanyie kitu kidogo. Nyaga yuko huko huko uliko. Mtafute kabla sijafika, umwambie ni wewe.