Lengo la Sabini na Nane

Karakana, 9 Januari

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na miguu yako imepata kupumzika baada ya zamu. Sisi huku hatujambo. Mama yako hajambo pia na angekusalimia kama angejua ninakuandikia. Hajui. Simu ya nyumbani ni moja na masikio ya mama yako ni mawili, yote makali, ndiyo maana nimekaa juu ya mtungi wa gesi nikiandika kwa kalamu ya kuazima. Ukiona madoa kwenye karatasi usishtuke, ni grisi.

Sasa kaa kitako. Nimeanza tena kunyanyua vyuma. Lile benchi langu la ujanani, ambalo mama yako alilifanya kituo cha ndoo, nimelibeba hadi karakana na kulichomelea miguu mipya. Uzito natumia ngoma za breki za malori, kila moja nimeipima kwenye mizani ya muuza vyuma chakavu hapa jirani. Nalala chali, nashusha chuma mpaka kifuani, nakisukuma juu. Lengo langu ni kilo mia kabla mwaka haujaisha. Zamani nilizisukuma mia hizo huku nikipiga soga, wakaniita Jeki. Leo nimesukuma arobaini, nikabaki nimelala pale nikitafuta jina langu.

Bega la kulia, lile lililoangukiwa na giaboksi wewe ukiwa darasa la pili, linagoma. Kiwiko nacho kinaliunga mkono. Lakini nitawazoesha wote wawili.

Usiniulize kwa nini. Kitu kikiwa chini, lazima awepo wa kukiinua, basi.

Ukiwa na dharura piga kwa muuza vyuma. Namba yake iko nyuma ya bahasha.

Baba yako,
Jeki


27 Januari

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mgongo unasumbua kidogo lakini huo ni mshahara wa pili wa kazi hii. Wazee wetu hapa makaoni wanaendelea. Yule mwalimu mstaafu bado ananiita kwa jina la mke wake, nami naitika.

Baba, barua yako nimeisoma mara tatu na bado sijui nicheke au nikasirike. Wewe una miaka hamsini na tisa! Nakumbuka siku ya giaboksi. Nakumbuka mama akikuvalisha shati kwa mwaka mzima, mkono mmoja mmoja, wewe ukitazama ukutani. Daktari alisema mshipa ule ukichanika tena haushoneki. Sasa unataka kilo mia za nini? Kuna mtu amekucheka? Kuna mashindano? Au ni ule uzee unaowafanya wanaume wapake nywele rangi nyeusi?

Jumapili nilipopiga simu nilimuuliza mama kama una jambo lolote jipya. Akasema, "Baba yako? Yupo, anazeeka tu." Kisha akasema anataka kukaa, amechoka. Saa nne asubuhi! Mama yangu, ambaye hajawahi kukaa kabla ya adhuhuri? Sielewi nyumba yenu.

Tafadhali niambie ukweli.

Binti yako


20 Februari

Mwanangu,

Salamu zako zimefika na matusi yake yamefika. Marahaba. Pole na mgongo, upake kitu cha moto.

Hakuna mashindano. Hakuna aliyenicheka, isipokuwa muuza vyuma, na yeye hucheka hata msibani. Nywele zangu ziache.

Utafurahi kusikia kwamba nimepunguza lengo. Mia nimewaachia vijana. Nataka sabini na nane. Nikifika hapo naweka chuma chini na wewe utakuwa umepata amani. Sasa hivi niko hamsini na tano. Nimegundua kwamba nikikaza kiwiko karibu na mbavu, bega linalalamika kwa sauti ya chini. Usiku halilali, lakini na mimi silali, kwa hiyo tunapeana kampani.

Kitu kimoja kinanitatiza. Zamani nguvu ilikuwa inakuja nikiita. Sasa naiita, nasikia kabisa imeitika, halafu haiji. Wewe unaishi na wazee. Wanasemaje kuhusu hilo?

Mama yako hajambo. Anakunywa maji sana, joto limezidi.

Baba yako,
Jeki


8 Machi

Shikamoo Baba,

Wazima? Mimi mzima wa mwili, kichwa ndicho kinazunguka.

Sabini na nane! Nimewauliza wenzangu kazini. Kuna dereva wetu wa gari la wagonjwa, yule anyanyuaye vyuma kila jioni, shingo yake haionekani. Nikamwambia, baba yangu analenga sabini na nane. Akakuna kichwa. Akasema mtu hulenga sabini na tano, au themanini, au mia. Sabini na nane hakuna anayelenga, labda kama ni uzito wa kitu fulani. Kama jiko, au jenereta. Kuna jenereta unataka kuiba, Baba?

Nacheka, lakini sina raha. Uliwaulizia wazee wangu. Nimemuuliza mwalimu mstaafu. Akajibu kwamba nguvu haiji kwa sababu imeshafika, imekaa kwa mtoto. Kisha akaniita kwa jina la mke wake tena, kwa hiyo sijui alikuwa anamwambia nani.

Wewe na mama mna siri. Nasikia kwenye simu jinsi mnavyokohoa kwa zamu.

Binti yako,
anayeomba kueleweshwa


2 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Natumaini hujambo. Mwambie huyo dereva asiye na shingo kwamba ana akili. Ni uzito wa kitu. Ni uzito wa mama yako.

Alinikataza nisikuambie, na mimi nilikubali upesi maana nilikuwa na aibu yangu. Desemba, asubuhi, alianguka bafuni. Miguu ilimwishia tu. Nilimshika kwapani nikavuta. Bega likakataa. Nikavuta tena, likakataa tena, nikapiga kelele kuliko yeye aliyeanguka. Mwanamke niliyemwoa nikiwa Jeki, yuko sakafuni, na mimi siwezi kumwinua. Nikakaa naye kwenye maji, migongo ukutani, mpaka mshonaji wa jirani akatusikia akaja. Mama yako alikuwa anacheka, anasema tumekuwa kama watoto. Mimi sikucheka. Sijacheka kwa dhati tangu siku hiyo.

Basi nikasema sitakutwa hivyo tena. Mimi nguvu ninayoijua ni hiyo moja, ya kulala chali na kusukuma. Februari nilimpeleka mama yako kwa muuza vyuma, nikamwambia kuna mizani mpya tuijaribu. Akapanda huku akiniuliza kama nimeamua kumuuza kwa kilo. Ikasoma sabini na nane. Hapo ndipo lengo lilipotoka.

Sasa sikia ajabu. Juzi nimempandisha tena, ikasoma sabini na tatu. Nikadhani mizani imeharibika, nikaijaribu kwa ngoma za breki, iko sawa. Wala hajapunguza kula, anakula kuliko mimi. Sielewi, ila sikulalamika. Mimi nimeshafika sabini. Napanda, yeye anashuka, tutakutana njiani kama enzi za uchumba. Wiki ijayo au ile nyingine namaliza kazi.

Nimefurahi kukuambia. Usimwambie nimekuambia.

Baba yako,
Jeki


Ujumbe wa simu, 14 Aprili, saa tano asubuhi

Shikamoo mzee muuza vyuma. Mimi ni binti yake Jeki. Barua yake nimeipata sasa hivi. Tafadhali acha unachofanya, nenda umsomee haya kwa sauti:

Baba, weka chuma chini. Wewe hujakaribia lengo, mama ndiye anayeisha. Mtu anayekula sana, anayekunywa maji sana, anayechoka asubuhi na kupungua kilo tano, huyo ni mgonjwa. Nadhani ni sukari. Nimempigia, anasema ni joto tu, kisha akaanza kuongea polepole kama mlevi na simu ikakatika. Nenda nyumbani SASA, mpeleke hospitali leo. Ukimkuta chini usimvute kwapani. Mlaze ubavu, mtie shuka chini, shikeni shuka watu wawili, pigeni goti na muinuke kwa miguu. Kifua hakiinui mtu, Baba. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.


3 Mei

Baba, shikamoo,

Sijui hata kama nikuulize hali. Simu ya nyumbani inaita bure. Muuza vyuma nilimpata mara moja, kelele za vyuma zimejaa, nikasikia "hospitali" na nikasikia "bega" kisha hewa. Hospitali ni ya nani? Bega ni lako, najua, lakini limefanya nini? Tangu hapo namba yake haipatikani.

Kazi yangu ni kuinua watu. Kitandani mpaka kitini, kitini mpaka chooni, siku nzima, wazazi wa watu wengine. Wangu wawili walikuwa wamekaa kwenye maji, na mimi nikiuliza mambo ya jenereta. Nakasirika, halafu sijui namkasirikia nani. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Walikuwa wanawajua nyinyi wawili.

Ruhusa nimenyimwa mpaka apatikane wa kushika zamu yangu. Akipatikana nakuja, hata kama hamnijibu. Andika mstari mmoja tu. Hata ukiwa mbaya, andika.

Binti yenu


16 Mei

Mwanangu,

Mama yako yu hai. Naanza na hilo ili usiruke mistari.

Nisamehe ukimya. Nimeandika barua hii kwa mkono wa kushoto, ndiyo sababu herufi zinalewa.

Siku ile ujumbe wako ulipoingia nilikuwa nimelala kwenye benchi, sabini na tatu kifuani. Ndiyo, siku ile ile. Nilikuwa nimekifikisha chuma nusu ya njia. Muuza vyuma akaja akisoma kwa sauti yake ya mnada, "Baba, weka chuma chini," nami nadhani ananitania. Akafika kwenye neno "mgonjwa". Bega likatoa mlio ambao nilikuwa nimeusikia mara moja tu maishani. Muuza vyuma alidaka ncha moja ya chuma kwa mkono mmoja, simu bado iko kwa mwingine, na akaendelea kusoma. Huyo mtu sitamcheka tena.

Tulikimbia. Mama yako alikuwa jikoni, chini, kando ya dumu la maji. Macho yako wazi lakini hajui mimi nani. Aliniita baba yake. Mkono wangu ulikuwa unaning'inia hauna kazi. Nikapiga goti, nikashika pembe ya shuka kwa ule mzima, muuza vyuma upande wa pili, tukainuka kwa miguu kama ulivyosema. Mwanangu, aliinuka. Kirahisi tu! Miezi mitatu nimelala chali nikisukuma vyuma angani, kumbe kilichotakiwa ni kuinama. Hata sasa nikifikiria nachanganyikiwa.

Hospitali walipomtoboa kidole, kimashine hakikuandika hata namba, kiliandika kwamba sukari imepita kipimo. Alikuwa amebaki kilo sitini na nane. Alilala kule majuma manne, mimi chini ya kitanda chake, mkono nimefungwa shingoni. Simu ya nyumbani ilibaki juu ya kabati, na ya muuza vyuma ilikanyagwa na lori siku ambayo ulimpata.

Juzi tumerudi nyumbani. Anachomwa sindano kila siku, ananichagulia mimi kazi ya kumchoma, na anasema mkono wangu wa kushoto ni mpole kuliko wa kulia ulivyowahi kuwa. Amesema pia nikuambie kwamba ameshajua nilikuambia. Amekasirika kiasi cha chai moja, halafu akaomba uje.

Baba yako


23 Septemba

Mwanangu mpendwa,

Natumaini umefika salama kazini, na mwalimu mstaafu hajakukosa sana. Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Kile kiti ulichokiweka bafuni mama yako anakitukana kila asubuhi na anakikalia kila asubuhi.

Jana tulikwenda kwa muuza vyuma. Mama yako alipanda mizani mwenyewe, hakumshika mtu. Yule bwana akasoma kwa sauti mpaka wateja wakageuka: sabini na tisa. Mama yako amenuna. Anasema magauni yanambana na mizani ni ya mwizi. Nesi yeye amefurahi, ila amemwambia sasa aishie hapo hapo.

Mimi daktari amenikataza kuinua kitu kizito kuliko ndoo ya maji, na ndoo yenyewe iwe nusu. Benchi limerudi nyumbani kuwa kituo cha ndoo. Ile sabini na tatu ilibaki katikati ya hewa, wala sitajua kamwe kama ningeimaliza. Mia niliikosa, sabini na nane niliikosa, na sasa mama yako amenipita kabisa, hata nikiota siwezi kumfikia. Sikujua kama mtu anaweza kushindwa hivi na roho ikatulia.

Alipotelemka pale kwenye mizani nilisingizia kwamba naangalia lori fulani kwa nyuma. Kwa hiyo doa utakaloliona hapa chini, safari hii si grisi.

Baba yako,
aliyekuwa Jeki