Kilima kimebaki, nyumba zimehama

Didia, Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Mawingu yamejaa tangu asubuhi na mvua haijadondoka hata tone. Joto limekaa kifuani.

Sijui niandike kwamba nimefurahi au nimeumia. Mwanzo wa ukurasa huu nimeufuta mara tatu.

Basi nianze na lililotokea. Jana, kwenye ofisi ya kata, tulisomewa barua. Nyumba za askari zilizokuwa zijengwe kwenye kilima chetu hazitajengwa hapa tena. Mradi mzima unahamishiwa upande wa Kagongwa. Kilima na ngitili yake vinabaki kama vilivyo.

Wanawake walipiga vigelegele. Baba yangu, ambaye ni katibu wa kamati ya ngitili, alivua kofia akatazama chini muda mrefu. Halafu akaja kunishika mkono mbele za watu, kitu ambacho hajakifanya tangu nikiwa mdogo.

"Mwalimu," akaniita hivyo, si kwa jina langu, "barua yako imefika."

Ndiyo. Barua ya kupinga niliandika mimi.

Kwa msomaji asiye wa huku: ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi zikue, ng'ombe wapate cha kula kiangazi kikikaza. Yetu imezunguka kilima chote, na wazee wameitunza mpaka miti iliyokuwa imekwisha ikarudi. Juu kuna makaburi ya watemi, watawala wetu wa zamani. Kuna pia mwamba bapa wenye mashimo ya bao, yamechongwa na watu ambao hakuna anayejua walikuwa akina nani. Tulicheza pale utotoni huku pimbi wakituchungulia kutoka kwenye nyufa. Mimi ni mtu wa kanisani, matambiko siyafanyi. Lakini siku matingatinga yalipotajwa, nilihisi kama mtu amesema atabomoa nyumba ya mama yangu na mama yumo ndani.

Wazee wetu wana Kisukuma kitamu, ila barua ya serikalini inataka Kiswahili cha ofisini. Baba akaniomba. Niliandika kurasa nne kwa mkono, zikatolewa fotokopi, watu wakasaini, na wasiojua kuandika wakatia dole gumba. Jina langu nilisema lisiwekwe.

Sababu ni mume wangu.

Baba Kabula ni askari, dereva, na kambi yake iko ng'ambo ya mji wa Shinyanga. Kwao ni Katoro. Tangu tuoane analala bwenini na wenzake, mimi na mtoto tuko kwenye chumba kimoja cha kupanga karibu na shule ninayofundisha. Anakuja Jumamosi, anaondoka Jumapili. Kabula ana miaka sita na bado anamwamkia baba yake kwa aibu, kama mgeni. Nyumba za kilimani zilikuwa za watu kama sisi. Vyumba viwili, jiko, choo cha ndani.

Na hapa niseme ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilijua jina lake limo kwenye orodha ya watakaopewa kwanza. Yeye hakuniambia, nadhani alitaka kunishtukiza siku ya kukabidhiwa funguo. Niliona kwenye simu yake alipoiacha kwenye chaji: picha ya karatasi, jina lake la saba kutoka juu. Niliona, nikanyamaza, na wiki ileile nikaandika barua.

Kwa nini? Nikisema ni kwa ajili ya makaburi, nalikumbuka lile jiko. Nikililia jiko, naliona tingatinga likipanda.

Leo amefika saa nne. Kabula alimpokea begi. Nilimtengea ugali na mlenda, hakugusa.

"Hongera," akasema.

Nikajifanya sielewi. "Hongera ya nini tena, Baba Kabula?"

Akamwambia mtoto atoke nje akacheze. Kisha akasema polepole, bila kuniangalia, "Siku afande alipokuja kukagua kilima, aliyemwendesha ni mimi. Faili alinipa nimshikie. Unadhani mwandiko wako siujui? Barua zako za uchumba zote ninazo."

Niligeuza ndoo nikaikalia. Miezi yote hiyo alijua. Alikuja kila Jumamosi, akala chakula changu, akaniuliza habari za shule.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Uache kupinga? Ungeacha, ungenichukia. Usingeacha, ningekuchukia mimi."

Kumbe kulikuwa na lingine. Siku hiyohiyo, wakiwa juu ya kilima, afande alimgeukia kwa sababu alijua ukweni kwake ni hapa. Akamuuliza kama makaburi yapo kweli au wanakijiji wanatafuta fidia tu. Angeweza kusema hajui. Hakuna ambaye angemlaumu.

"Nikamwambia, 'Yapo, afande. Mkwe wangu alinionyesha nilipokuja kuposa.' Nikampeleka mpaka kwenye mawe yenyewe. Kwa miguu yangu, Mama Kabula. Nyumba yangu nimeibomoa mwenyewe kabla haijajengwa."

Nilifungua mdomo kumshukuru. Akainua mkono.

"Usinishukuru. Nimejuta. Halafu nikikaa peke yangu naona ningejibu vilevile. Sijielewi."

Nilimtazama nikaona kumbe tumekuwa wawili muda wote, kila mmoja na mzigo wake, chumba kimoja. Laiti mazungumzo yangeishia hapo.

"Nikuulize kitu kimoja tu," akasema. "Kama ungejua sisi tumo kwenye orodha, ungeandika?"

Njia ya kutokea ilikuwa wazi kabisa. Neno moja, "nisingeandika," na leo angelala hapa. Nililitafuta hilo neno. Lilikuwepo mdomoni.

"Nilijua," nikasema.

Nje Kabula alikuwa anahesabu, anaruka kamba.

"Wafu wana kilima kizima," akasema mwishowe. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Sisi watatu tuna kitanda kimoja."

Akachukua begi lake.

"Baba, si unalala?" Kabula alimuuliza pale mlangoni.

"Leo nina kazi, mama."

Hana kazi. Mtoto alijua, mimi nilijua.

Mchana baba yangu alipita na kibuyu cha maziwa, uso ukimeremeta. Alitaka kumpa mkwe wake habari kwa mdomo wake mwenyewe. Nilimwambia ameitwa kambini ghafla. Akasema, "Msalimie sana, mwambie kilima ni chake pia." Nikapokea maziwa. Sikuweza kumwambia kwamba mkwe wake anastahili shukrani kuliko mimi, maana mimi nilitoa maneno, yeye alitoa nyumba. Au wote tuliitoa. Sijui inagawanywaje.

Huko Kagongwa wataanza upya, na wanasema orodha itapangwa upya pia. Ni mbali na shule yangu. Hakuna aliyeahidiwa chochote.

Nimejaribu kujuta kuandika ile barua, nimeshindwa. Nimejaribu kujivunia, nimeshindwa pia. Ningeambiwa niandike leo, ningeandika, tena ningeandika nikilia.

Saa tisa Baba Kabula aliniletea ujumbe: "Nimefika." Siku zote huongeza neno, hata la utani. Nimeandika majibu marefu nikayafuta yote. Mwisho nimetuma "Sawa," nikajichukia.

Jumamosi ijayo sitamsubiri aje. Nitapanda basi na Kabula, twende sisi mpaka getini kwake. Akishaitwa akatoka, nitamwambia nini?