Hita ya Bwawa Inagonga

Jumatatu, 14 Januari

Jana kutwa upepo wa vumbi. Leo bwawa lina rangi ya chai ya maziwa. Nimevua majani, nimemwaga uchafu wa kapu la pampu, nimesafisha kichujio mpaka maji yakatoka meupe. Mgongo umekufa.

Hita imeanza kugonga. Si kelele kubwa – kama mtu anayepiga sufuria kwa kijiko, ndani kabisa, halafu ananyamaza. Mume wangu Royce alikuwa akiisikia sauti ile, hata kama anakula, anainuka. Maji yanapita kidogo mno, alikuwa akisema, ndiyo maana yanachemkia ndani ya koili, lile bomba lililojikunja juu ya moto. Siku hizi hawezi kusema. Tangu kiharusi kimpige ana maneno machache, na lile analolitamka vizuri kuliko yote ni tusi.

Kazi ya bwawa la mtaa huu wa wastaafu ilikuwa yake. Mimi nimeirithi kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Na kwa sababu mume wangu anatembea ndani ya maji ya moto tu. Nchi kavu anaburuta mguu kama gunia. Na Januari hii hapa Tucson, jangwani, ni baridi ya kuuma meno.

Sitaki kusikia kijiko kile kesho.

Jumanne, 15 Januari

Nimekisikia.

Nimeshika mabomba mawili ya hita. La kuingiza maji – baridi. La kutoa – nikaondoa mkono haraka. Inatakiwa la kutoa lizidi joto kidogo tu, mtu aweze kulishika na kupiga hadithi. Basi nikaenda kwenye valvu ya bomba la pembeni, lile linalopitisha maji bila kuingia kwenye hita. Nikalibana kidogo ili maji mengi zaidi yapite kwenye moto. Nikangoja. Nikabana tena. Kugonga kukapungua. Nikabana tena kwa tamaa, hita ikaanza kutokwa jasho, matone yanadondoka chini. Nikadhani imetoboka. Kumbe sasa maji yamekuwa mengi mno, koili imepoa, inalowa kwa nje. Nikarudisha valvu kidogo. Asubuhi nzima, kulegeza na kukaza.

Mzee Vernon Lindqvist kutoka nyumba ya jirani akaja na kikombe chake cha kahawa.

“Umeolewa na hita siku hizi, binti?”

Mimi binti! Nimeshastaafu. Nikamwambia afadhali hita, angalau inapiga kelele, wangu amenyamaza. Akacheka, halafu akaona haya kwamba amecheka.

Ndipo akasema alichokuja kusema. Binti yake Ingrid anakuja kumchukua mama yake. Wanaondoka Jumanne ijayo. Mkewe Opal anahamia Duluth, kaskazini kabisa, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, karibu na Ingrid. Mifupa yake imechakaa, Vernon hawezi tena kumwinua peke yake. Yeye atabaki mpaka nyumba iuzwe.

“Huko hata ziwa lenyewe limeganda,” akasema. “Wewe nihakikishie bwawa liwe la moto mpaka Jumatatu. Siombi kingine.”

Nikasema sawa. Mdomo wangu huu.

Alhamisi, 17 Januari

Haigongi sana, lakini inajizima. Inawaka, inazima, inawaka, inazima. Ni ile swichi ndogo inayosikiliza presha ya maji. Maji yakipungua, inakata moto. Hiyo ndiyo kazi yake na siwezi kuilaumu. Ila bwawa linapoa.

Nimesafisha kichujio tena. Nimekagua kapu tena. Nimefungua valvu zote za upande wa pampu. Bado.

Opal alikaa kando ya bwawa na gauni lake la taulo, nywele amezifunga tayari. Alitia kidole cha mguu majini, akakitoa. Akanitabasamia. Ningependelea anitukane.

Vernon alisema kwa niaba yake: “Supu imepoa, mpishi.”

Royce tulijaribu kumwingiza. Alitetemeka nikamtoa.

Ijumaa, 18 Januari

Asubuhi maji ya moto. Moto kabisa! Hita inawaka mfululizo, hakuna kukatika. Opal yumo, Royce yumo, wengine watatu wamo, nikakaa chini nikafumba macho. Kwa mara ya kwanza wiki hii.

Halafu nikakumbuka kwamba sikurekebisha chochote.

Nilipowatoa majini nikafanya jaribio alilonifundisha Royce: zima pampu, tazama moto. Pampu ikizimwa, moto unatakiwa ufe hapohapo. Nikaizima. Moto ukaendelea. Maji yamesimama ndani ya koili na moto unaunguruma chini yake. Sijui nilifikaje kwenye koki ya gesi, nikaifunga.

Nilipofungua kifuniko cha swichi nikakiona. Kipande cha waya, kimeunganisha pande mbili za swichi, ili swichi idhani maji yapo siku zote. Kimekunjwa vizuri, kwa mkono wa mtu anayejua.

Nikaenda kwa Lindqvist nikiwa nacho kiganjani. Opal alikuwa amelala chumbani. Tukasema kwa sauti ya chini, kama wezi.

“Ni wewe?”

“Nimekuwa fundi umeme wa reli maisha yangu yote. Nani mwingine hapa anakunja waya hivyo?”

“Mzee, kitu kile kingepasuka. Watu wamo majini.”

“Nilikuwa nimekaa palepale naitazama.”

“Ulikuwa umesinzia, mdomo wazi.”

Akaangalia mlango wa chumbani.

“Amesimama leo, Glenda. Ulimwona? Nilimwachia mikono, akasimama peke yake.”

Nilimwona. Nilimwona Royce pia akitembea kutoka ukuta hadi ukuta. Waya nimeutupa kwenye pipa la taka la barabarani, sikuutaka hata nyumbani kwangu.

Jumamosi, 19 Januari

Baridi. Hakuna aliyeingia. Vernon kanipita bila salamu. Royce kakaa kitandani ameshika kaptura yake ya kuogelea, ananitazama. Nimeichukua nikaiweka juu ya kabati.

Nimechoka kuwa mimi ndiye ninayesema hapana.

Jumapili, 20 Januari

Nilikuwa nimeshafungua bolti za mbele ya hita nilipoona viatu vya Vernon. Ana sanduku lake la vifaa. Hakuomba msamaha, na mimi sikumwomba aombe. Akapiga magoti, nikasikia magoti yote mawili yakilia.

“Nishikie taa.”

Tukaona. Ndani kuna kivalvu kidogo chenye springi, kazi yake kuyalazimisha maji yapite kwenye koili. Springi imekatika. Kivalvu kimebaki wazi, maji yanachukua njia ya mkato, yanatoka upande wa pili bila kuguswa na moto. Wiki nzima nimekuwa nikibana bomba la nje na tatizo liko ndani. Kama Royce angekuwa na maneno yake angeniambia Jumatatu. Sikulia. Nililaani kidogo.

Springi mpya inapatikana. Lakini kesho ni sikukuu ya taifa, duka la vipuri limefungwa. Litafunguliwa Jumanne. Jumanne asubuhi Opal yuko kwenye ndege.

Vernon akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

“Haya basi,” akasema.

Sijui kama nililofikiria ni akili au uchovu. Nikamwambia: tuifunge ilivyo. Bomba la pembeni tulizibe kabisa, maji yote yapite kwenye hita, hata kama mengi yatakwepa. Swichi ibaki na uhuru wake wa kukata moto. Tuwashe kidogo, tukisikia kijiko tuzime, tuache ipoe, tuwashe tena. Katikati tunatandika kifuniko cha plastiki juu ya bwawa joto lisikimbie. Mtu akae na mkono kwenye bomba la kutoa muda wote.

“Muda wote?” Vernon akauliza.

Royce alikuwa amejikokota mpaka pale na fimbo yake. Akavuta kiti, akaweka kiganja cha mkono wake mzima juu ya bomba. Hakukitoa. Likizidi moto anatoa lile tusi lake, tunazima. Alilitoa mara nyingi mpaka jua linazama. Opal dirishani kwake akawa anacheka kila anapolisikia.

Mguso kwa mguso maji yanapanda. Polepole, lakini yanapanda.

Jumatatu, 21 Januari

Naandikia hapa kando ya hita, kwenye kiti cha Royce. Mkono wa kushoto uko kwenye bomba.

Tulianza alfajiri. Washa, sikiliza, zima. Saa sita mchana Opal alitia kidole cha mguu, hakukitoa. Vernon na Ingrid wakamshusha ngazi kwa ngazi. Royce akaingia nyuma yao. Ingrid amekaa ukingoni na suruali yake nzuri imelowa mpaka magotini. Alifika leo asubuhi na haraka, alitaka mama yake afungashe. Hajataja masanduku tangu hapo.

Opal aliachia mikono ya Vernon. Akasimama. Halafu akamshika Royce mkono wenye ugonjwa, wakaanza kutembea, wawili wabovu, kama maharusi wanaotoka kanisani.

Hita ikagonga. Nikazima, nikangoja, nikawasha. Ikagonga tena papo hapo, na safari hii si kijiko tena, ni nyundo. Bomba halishikiki. Sikusubiri swichi. Nimefunga gesi. Haitawaka tena leo, najua, na springi iko nyuma ya mlango wa duka uliofungwa.

Sijawaambia.

Maji mengi namna ile hayapoi kwa mara moja. Yatakaa na joto lake kitambo.

Opal ameniita: “Glenda, bado inafanya kazi? Maana nasikia raha huku.”

Nimesema inafanya kazi.

Vernon amegeuka. Yule husikia. Anajua mngurumo wa moto, anajua na ukimya wake. Amenitazama, ametazama hita, amenitazama tena. Kisha amenipa mgongo na kumwambia mkewe, “Tembea mama, tembea, maji ndiyo kwanza yanakolea.”

Kivuli cha nyumba yao kimefika kwenye ukingo wa bwawa. Bomba limeshapoa; nimeurudisha mkono juu yake ili waone niko kazini. Hakuna anayetoka.