Bipu ya Jumapili

Bunju, Jumapili, Oktoba 1999

Bado natabasamu peke yangu kama chizi.

Tulikubaliana vizuri na Salum wa darasani. Kile kitabu cha uchumi kiko kimoja tu maktaba, darasa zima tunakigombea. Kikirudishwa, ananibipu kwa simu ya shangazi yake, nami nawahi chuo. Kuongea ghali mno.

Leo mchana tunakula, simu niliyoazima kwa kaka ikalia mara moja, ikakata. Namba ya shangazi yake.

Mama akaacha kula. "Kitabu kimerudi hicho. Nenda upesi, wenzio wasikuwahi."

Nikamwambia nitaenda kesho. Mama hajui kuwa Jumapili maktaba haifunguliwi. Salum anajua fika.

Mtihani ni Alhamisi na kitabu sijakishika bado.

Nikambipu na mie.